Mkono wa Mzee Mbaruku

“Kiweke chini hicho kichwa, Mwanakheri, ukachochee moto wako.”

“Sikiweki. Kiangalie kwanza, kaka.”

“Nimeshakiangalia.”

“Umekipitishia macho tu. Tia kidole hapa. Kikoromeo kiko wapi?”

“Nimesema kiweke chini! Unataka gulio zima lisikie?”

Inasimuliwa kwamba maneno haya yalisemwa na ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, nyuma ya uzio wa machinjio katika mji wa Mzambarauni, asubuhi ya gulio la mwisho wa Shaabani. Zilikuwa zamani zile ambazo mtu alitembea kwa miguu kutwa nzima kufuata kibaba cha chumvi. Kaka aliitwa Hatibu, na dada ndiye Mwanakheri. Baba yao alikuwa Mzee Mbaruku, mchinjaji, mwana wa mchinjaji na mjukuu wa mchinjaji, Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Ugomvi wao ulikuwa juu ya jambo moja. Watu wa mji ule walifundishwa na mashekhe wao kwamba kisu cha mchinjaji kipite chini ya kikoromeo, kile kifundo cha kooni, ili kifundo kibaki upande wa kichwa. Kisu kikipita juu yake, koo halikukatwa inavyotakiwa, na mnyama huyo ni mzoga, hata kama damu imemwagika na jina la Mola limetajwa. Hawakuwa na maneno mawili juu ya hilo. Na kichwa cha ng'ombe alichokishika Mwanakheri asubuhi ile hakikuwa na kikoromeo.

Asingekuwa yeye, hakuna ambaye angeliona. Katika nyumba yao, tangu enzi za bibi yao, kichwa na miguu ilikuwa kazi ya mwanamke. Mama yao alipofariki, Mwanakheri akiwa hajatimiza miaka kumi na miwili, aliacha chuo cha Kurani akashika kisu cha mama yake. Kila siku ya gulio alikwangua kichwa kwa maji ya moto, akakichemsha kwa chumvi na ndimu, na wakulima waliotoka mbali wakapata supu kabla ya kupanga mboga zao. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka saba, na kila kichwa vidole vyake vilipita pale kooni, kwa kuwa pale ndipo manyoya yanaposumbua kutoka.

“Mkono wa baba umepanda juu,” alisema, sasa kwa sauti ya chini. “Macho yake yamekwisha, kaka. Tunajua mimi na wewe.”

Hatibu alikuwa na damu mpaka kwenye viwiko. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda baba yake hata akawa anamtangulia njiani kuondoa mawe asijikwae, huku akijifanya anatafuta kitu alichokiangusha. Kilichomjaa moyoni saa ile kilikuwa hofu.

“Sikiliza, mdogo wangu. Watu wanatoka mashambani huko, wanayapita mabanda mawili ya nyama kuja letu. Wanafuata nini? Wanafuata mkono wa Mzee Mbaruku, kwamba hauna shaka. Ukisema leo umemzika akiwa hai. Atarudi nyumbani alale, na hataamka. Tumuuze huyu mmoja tu. Ramadhani ikiisha nitamwambia taratibu apumzike.”

“Na watakaomla?”

“Hawajui. Asiyejua hana dhambi.”

“Lakini mimi najua,” alisema Mwanakheri, na machozi yakaanza kumtoka. “Na wewe sasa unajua. Mzigo wa watu wote hao tutautwika sisi wawili. Shingo yangu mimi haiwezi, kaka.”

Hatibu akageuka upande, akafuta kwenye majani kisu ambacho hakikuwa na haja ya kufutwa.

“Basi nenda ukamwambie wewe,” alisema. “Mimi ulimi huo sina.”

Mwanakheri akakiweka kichwa kwenye sinia, akakifunika kwa kitambaa, akaingia nacho gulioni. Kulikuwa kumefurika. Ilikuwa siku ya kununua vya vunjajungu, kwa kuwa zilibaki siku mbili mwezi uandame, na kila nyumba ilitaka kula vizuri kabla ya kufunga. Wakulima walikuwa wameketi safu kwa safu na mchicha wenye umande bado, kunde mbichi, bamia, nyanya chungu, na maboga makubwa yaliyobebwa mawili mawili kwenye mzega. Walipomwona walianza kumtania kama kawaida yao.

“Mwanakheri! Supu iko wapi? Matumbo yananguruma huku!”

Bi Sikudhani, mjane aliyekuwa akiuza kunde na aliyejulikana kwa ulimi, alisimama kabisa. “Leo kichwa kimefunikwa ushungi kama bibi harusi! Sisi tumefika na alfajiri, mwenzetu. Utatulisha lini, Idi mosi?”

Watu wakacheka. Mwanakheri akapita. Aliona kana kwamba sinia lile linazidi kuwa zito kila hatua.

Mzee Mbaruku alikuwa ameketi kibandani karibu na gogo la kukatia, minofu imeshatundikwa nyuma yake. Hakuanza kukata. Desturi yake ilikuwa kumuuliza kwanza kila mtu anampikia nani. Mwenye mgonjwa alimchagulia mifupa yenye uboho. Mwenye wageni alimkatia paja. Mama aliyetoka kujifungua alimwongezea kipande asichokiomba, kisha akajifanya amekosea. Watu saba au wanane walikuwa wanangoja mbele yake.

Binti yake akapiga magoti ubavuni mwake.

“Baba, naomba mkono wako.”

“Mkono wangu una nini, mama?” Tangu alipofiwa na mkewe, alikuwa akimwita binti yake mama.

Mwanakheri akalisogeza sinia. Aliuchukua mkono ule mkavu, akaupitisha chini ya kitambaa, akaviweka vidole pale panapohusika. Mzee akapapasa. Akapapasa mara ya pili, polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Mara ya tatu hakupapasa, aliviacha vidole vikae tu.

“Upande wa mwili umeangalia?” aliuliza.

“Nimeangalia. Kiko huko, kizima.”

“Nani mwingine anajua?”

“Kaka.”

“Na kaka yako alisemaje?”

Hatibu alikuwa amemfuata dada yake, naye alikuwa amesimama nyuma ya nguzo ya kibanda, anasikia kila neno. Mwanakheri alimwona.

“Alisema nije nikwambie, baba.”

Hatibu akainamisha kichwa. Mmoja wa waliokuwa wakingoja akamuuliza Mzee Mbaruku kama anaumwa. Kisha wakamsikia akisema, “Alhamdulillahi. Ningekufa nikiwalisha watu mizoga, na huku najihesabu mchamungu.” Akaanza kunyanyuka.

Hatibu akamkimbilia, akamwinamia sikioni. “Baba, tuseme ng'ombe alikuwa mgonjwa. Watu wataelewa, na jina lako litabaki.”

“Ng'ombe wa watu alikuwa mzima, Hatibu. Jana umemwona akila majani. Mgonjwa ni mkono wangu. Kwa nini tumsingizie mnyama asiyeweza kujitetea?”

Akashika nguzo, akasimama, akawatolea salamu waliokuwapo. Aliwaambia kwamba nyama iliyotundikwa nyuma yake haifai kuliwa, kwamba kosa ni la kisu chake na si la mtu mwingine yeyote, na kwamba kuanzia siku ile hatachinja tena. Akawaomba wamsamehe.

Gulio likanyamaza, kibanda kwa kibanda, kadiri habari ilivyokuwa ikifika. Na aliyeuvunja ukimya ule alikuwa Bi Sikudhani, ambaye sasa hakuwa na utani hata kidogo.

“Na ile ya Alhamisi iliyopita, Mzee Mbaruku? Na ya hitima ya mume wangu? Niliwakaribisha watu wa mitaa mitatu, nikawalisha kwa mkono wangu. Niliwalisha nini?”

Neno lile lilimpata mzee mahali pabaya.

“Siwezi kukuapia, Bi Sikudhani,” alisema. “Macho yangu siyaamini tena.”

Watu wakaanza kunong'ona. Na Mwanakheri, ambaye miaka yote saba hakuwahi kusema neno mbele ya gulio zaidi ya kuita kwamba supu imeiva, akajikuta amesimama.

“Mimi naweza kuapa,” alisema.

Wote wakamgeukia. Sauti yake ilikuwa ndogo, wakalazimika kusogea.

“Kila mnyama aliyechinjwa na baba, kichwa chake kimepita mikononi mwangu. Ninakikwangua mwenyewe, simwachii mtu. Wallahi, vyote vilikuwa na kikoromeo mpaka leo. Ng'ombe wa hitima, Bi Sikudhani, alikuwa mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda. Kikoromeo chake kilikuwa kikubwa, nikakikata vipande viwili ndipo kikaingia chunguni. Ulikula halali, na wageni wako walikula halali.”

“Tutajuaje?” aliuliza mwanamume mmoja. “Ni binti yake huyu. Lazima amtetee.”

“Wewe nawe!” Bi Sikudhani alimgeukia kwa ukali. “Angekuwa muongo si angeanzia leo? Leo hata kusema asingehitaji kusema. Angenyamaza, akapika supu, na wewe ungekuwa wa kwanza kuramba bakuli.” Akamtazama Mwanakheri kwa muda, kisha akaufunga upya ushungi wake kama mtu anayeitafutia mikono yake cha kufanya. “Mimi nimeamini,” alisema, akarudi kwenye kunde zake.

Mzee Mbaruku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alimwomba binti yake amshike mkono, wakaenda mpaka kwenye kibanda cha Mzee Chande, mchinjaji mwenzake ambaye kwa miaka mingi hawakuwa wakitembeleana. Alisimama pembeni ya gogo la mwenziwe, na kila aliyekuwa mteja wake alipofika akamwambia Chande, “Huyu ana mgonjwa, mpe mifupa. Huyu mkwewe amekuja, mkatie paja.” Mzee Chande alikata kama alivyoelekezwa. Hatibu kwa upande wake akaiteremsha minofu yote, akaiburuta nje ya mji, akachimba shimo na kuifukia. Hawakuwa na ng'ombe mwingine.

Baada ya sala ya alasiri mzee alijilaza kwenye kitanda cha kamba, uso ukutani. Mwanakheri alimpelekea uji, ukapoa. Akampelekea maji, hakuyagusa. Akamwita, akajibiwa, “Niache kidogo, mama,” na baada ya hapo hakujibiwa tena. Basi akaketi chini karibu na mlango, maneno ya kaka yake yakimrudia kichwani, kwamba atalala na hataamka.

Hatibu aliporudi kutoka shimoni alinawa mpaka maji yakawa meupe, akaja kukaa naye.

“Nimemuua baba,” alinong'ona Mwanakheri.

“Hukumuua.” Hatibu akamsogelea. “Ulinisitiri mbele yake.”

“Nilisema kweli. Si ulisema niende nikamwambie?”

Hatibu akataka kucheka, akashindwa, akamwekea dada yake mkono begani. Wakakaa hivyo, wanautazama mgongo wa baba yao ukipanda na kushuka.

Waliotupokeza kisa hiki husema kwamba ipo subira ya njaa, na ipo subira ya msiba, na watu huzijua. Lakini iliyo ngumu ni subira ya mtu aliyesema kweli kwa ajili ya Mola wake, kisha akakaa kimya nyumbani akiwaangalia awapendao wakiumia kwa kweli ile, na bado asitamani kwamba angesema uongo. Mwanakheri alikaa katika subira hiyo tangu alasiri mpaka jua likafifia uani. Hakuna aliyemwahidi kwamba ingekuwa na mwisho mwema. Mwenyezi Mungu aturuzuku sisi sote sehemu ya imani ya binti yule.

Kulipokaribia magharibi ikasikika hodi, na pamoja na hodi, mlio wa mnyama. Alikuwa Bi Sikudhani, anavuta mbuzi aliyekuwa ameweka miguu minne imara, hataki kuvuka kizingiti. Kapu la kunde lilikuwa kichwani na kamba imezungushwa mara tatu kwenye kiganja chake. Mzee Mbaruku, aliposikia sauti ile, aligeuza uso kutoka ukutani.

“Mzee, nimekuletea mbuzi wangu wa vunjajungu, achinjwe kesho asubuhi. Nimepita kwa shekhe nikamuuliza, amesema mkono wa mwanamke unachinja. Basi kisu akishike binti yako, nawe ukae karibu umwambie pa kukipitisha, maana vidole vyake vinapajua. Mimi nyama ya nyumba hii nitaila mpaka nife. Haya, mmoja wenu aje anipokee kamba, mnyama mwenyewe mkaidi kama mimi!”