Ubao wa Pimbi na Dirisha la Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walijenga nyumba na kulipana kwa karanga, Pimbi alikuwa mkandarasi. Msicheke. Nami nimewahi kuwa mkandarasi, na tukifika mwisho mtanicheka vizuri zaidi, basi yatunzeni meno yenu.

Pimbi ni yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, hana mkia wala shingo ya kujivunia. Mwanzoni alijenga peke yake: achimbe mwenyewe, akandike mwenyewe, aezeke mwenyewe, ale karanga zake, alale. Kisha akasifiwa, na sifa zikampanda kichwani. Akachonga ubao mkubwa kuliko mlango wake, akautundika nje: PIMBI NA WENZAKE, WAKANDARASI WAKUBWA WA BONDE ZIMA. Hao wenzake hakuwa nao bado. Ikabidi awatafute ili ubao usimwumbue.

Akampata Mhanga, yule mchimba mashimo, wa kuchimba misingi, Mchwa wa kukandika kuta, na Mnana, yule ndege mfuma viota, wa kuezeka mapaa. Kila mmoja akapewa kipande chake cha kazi. Pimbi akabaki kusimama mikono kiunoni akisema hapo, hapo, hapana, rudi hapo. Aliona maisha yamemnyookea.

Hakujua kuwa Mfalme Simba alikuwa na sheria ya watu wa namna hiyo. Anayempa fundi kipande cha kazi, kwanza aende kwenye dirisha la Bwana Ushuru akaulize kama fundi huyo anajulikana. Akimlipa, azuie karanga moja katika kila kumi, aipeleke dirishani. Ampe fundi hati ya kilichozuiwa. Na kabla mwezi mpya haujaandama, alete taarifa ya wote aliowalipa. Akichelewa, ananyang'anywa chombo chake cha kazi.

Bwana Ushuru alikuwa Kiboko. Dirisha lake lilikuwa kando ya bwawa. Juu ya dirisha alitua Kasuku, tarishi wa Mfalme, ambaye kila jioni aliruka hadi ikulu na kusimulia neno kwa neno yote aliyoyasikia mchana.

Basi Pimbi akawa mtu wa dirishani. Jumatatu alikwenda kumuulizia Mhanga. Jumanne akarudi, maana Mhanga alikuwa ameandikishwa kwa jina la babu yake. Jumatano ikawa zamu ya Mchwa, na Mchwa, kama mnavyojua, haji mmoja. Walikuwa elfu tatu na kitu, na kila mmoja alitaka hati yake mkononi. Pimbi aliandika mpaka kidole kikavimba. Siku moja akakaa akawaza, akagundua kuwa kuta zile angezikandika mwenyewe kwa siku mbili, na hati za waliozikandika zimemlia siku tisa. Hakumwambia mtu. Jambo kama hilo unamwambia nani?

Wakati huo alikuwa akimjengea Bi Digidigi. Mama huyo alikuwa mjamzito na siku zake zilikuwa zimekaribia, nyumba ina kuta lakini haina paa, na mawingu ya masika yameanza kukusanyika upande wa mlimani. Kila asubuhi alipita akauliza kwa upole paa litakuja lini, na kila asubuhi Pimbi alimjibu kuwa imebaki fomu moja tu.

Siku moja kati ya hizo za fomu moja tu, Kiboko alimwita dirishani, akanyoosha mkono na kuutaka mwiko wake wa ujenzi. Pimbi akauliza amekosa nini. Akaambiwa kwamba mwezi wa kiangazi, ule ambao bonde zima hakuna aliyejenga hata banda la kuku, yeye hakuleta taarifa.

"Mzee, mwezi ule sikumlipa mtu," Pimbi akasema. "Sikuwa na cha kuandika."

"Ungeandika kwamba huna cha kuandika."

"Na hilo mngelifanyia nini?"

"Tungelihifadhi," Kiboko akasema. Akagonga mhuri, ta! Mwiko ukaingia kwenye droo.

Pimbi alirudi nyumbani akakaa chini ya ubao wake. Sasa alikuwa na kila kitu cha mkandarasi: ubao, mafundi, lundo la hati. Kilichokosekana ni kazi tu. Bi Digidigi akaja, akamkuta hivyo, hakuuliza habari ya paa. Aliyatazama mawingu, akajishika tumbo, akaondoka taratibu. Pimbi akaumia kuliko kama angetukanwa.

Asubuhi akajipangusa, akaenda bwawani. Alimkuta Kiboko ametoka majini anajipepea kwa fomu, mgongo umebabuka kwa jua mpaka unamenyeka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mwiko sikupi."

Pimbi akasema hakuja kwa ajili ya mwiko, amekuja kumpa pole. Akauzunguka ule mgongo, akaguna, akatikisa kichwa. Akasema mtu mzima mwenye cheo hapaswi kuungua hivi wakati banda dogo la makuti juu ya bwawa ni kazi ya siku tatu. Bahati mbaya fundi hana mwiko.

Kiboko alifikiri kidogo, akapapasa mgongo wake, akafungua droo. Alisema mwiko unatoka kwa banda hili tu, likiisha unarudi drooni. Pimbi akakubali kwa heshima zote.

Banda lile alilijenga peke yake, mara ya kwanza tangu autundike ubao. Siku ya kwanza akajigonga kidole. Siku ya pili akateleza akaanguka majini, chubwi! Siku ya tatu akagundua kazi bado anaijua, na akafurahi mpaka akajionea aibu.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho kabla ya mwezi kuandama, na foleni dirishani ilikuwa ndefu. Kiboko, mgongo umepoa, alitoa kapu la karanga akamkabidhi Pimbi mbele ya watu wote, akamwambia sasa alete mwiko. Pimbi alilipokea kapu. Mwiko hakuutoa.

"Ahsante sana, Mzee. Umezuia ngapi?"

"Ngapi za nini?"

"Si umempa fundi kipande cha kazi, na umemlipa? Mimi leo ni fundi wako. Uliuliza dirishani kama najulikana? Hati yangu iko wapi? Na taarifa yako umepeleka? Maana mwezi unaandama jioni hii, na chombo chako cha kazi ni huo mhuri."

Foleni nzima ikasogea karibu. Juu ya dirisha Kasuku akafungua jicho la pili.

Kiboko alitaka kucheka, akamwona Kasuku, hakucheka. Akachukua fomu, akatoka nje, akajipanga kwenye foleni kama sheria inavyotaka. Watu wakampisha haraka. Akafika dirishani, akaweka fomu yake, akangoja. Ndani hakukuwa na mtu.

Akazunguka, puu, puu, puu, akaingia ndani, akakaa kitini. Akaichukua fomu, akainua macho amuulize mleta fomu jina la babu yake. Nje hakukuwa na mtu.

Akazunguka tena. Safari hii aliijaza ile nafasi ya jina la babu. Akarudi ndani, akaisoma kwa makini, akaona nakala ya pili haipo. Kwa mazoea ya miaka mingi mdomo ukamtoka wenyewe: "Rudi kesho."

"Rudi kesho," Kasuku akairudia, ili asije akaisahau.

Kiboko akashtuka. Kesho mhuri hana. Akatoka mbio kuandika nakala, akasahau namba ya fundi, akarudi ndani kuitafuta, akakuta daftari limeandikwa kwa mwandiko ambao hata yeye mwenyewe hausomi. Jasho likamtiririka. Safari ya nne akakwama mlangoni, nusu ndani nusu nje, na watu wa foleni wakamsukuma kwa adabu mpaka akatoka.

Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akihema.

"Haya," akasema. "Kasuku, ya kumpelekea Mfalme ni haya. Fomu hizi zimenishinda mimi niliyezitunga. Kwa ruhusa yake, kuanzia leo, mkandarasi mdogo, na mwenye kibanda kimoja kama mimi, aje mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, aseme ukweli, alete kinachotakiwa, aende zake. Na chombo chake kisiguswe. Wakubwa waendelee kama kawaida."

Foleni ikapiga vigelegele. Pimbi akauinua mwiko wake juu, akainama kushoto, akainama kulia, kama aliyefunga bao.

"Ngoja," Kiboko akasema. "Kasuku, wewe huruka kila mahali. Ubao wa huyu unasemaje?"

Kasuku akautaja bila kuutazama, neno kwa neno, mpaka kwenye Bonde Zima.

Vigelegele vikakatika. Kiboko akasimama, akajipangusa vumbi. Akasema anakwenda kuusoma kwa macho yake, na akiukuta hivyo, basi Pimbi ni mkubwa, na mwiko unarudi drooni.

Wanangu, hamjaona mbio. Pimbi alifika nyumbani roho juu, akapanda juu ya kigogo, akaanza kuparua maneno WAKUBWA WA BONDE ZIMA kwa mwiko ule ule, kra, kra, kra! Aliyoyachonga kwa wiki mbili aliyaondoa kwa jasho la dakika chache. Mhanga na Mnana wakatoka kutazama. Bi Digidigi akaja naye, tone la kwanza la mvua likimdondokea puani.

"Nisamehe, Mama," Pimbi akasema bila kugeuka. "Nilikuahidi mambo makubwa."

"Mimi ubao ule nilidhani ni utani," Bi Digidigi akasema. "Ndiyo maana nilikuja kwako."

Pimbi akachota udongo kwa mwiko, akaandika kwa haraka palipobaki kovu: WADOGO. Hapo hapo Kiboko akatokea, anahema. Akausogelea ubao, akausoma. Akagusa herufi moja, na udongo ukamganda kidoleni. Akakitazama kidole, akamtazama Pimbi, akautazama ubao tena.

"Udongo mbichi," akasema.

Pimbi akauficha mwiko mgongoni.

"Lakini maandishi ni ya kweli." Akakifuta kidole kwenye nyasi, akaenda zake bandani kwake.

Jioni ile Pimbi hakusimama mikono kiunoni. Yeye na Mnana waliezeka pamoja chini ya manyunyu, na mvua kubwa iliposhuka, Bi Digidigi alikuwa ndani, mkavu. Mtoto alizaliwa kabla haijakatika.

Ukijiita mkubwa, wanangu, usilie ukipewa mzigo wa wakubwa. Na sasa mnaweza kunicheka: ubao wangu wa WAKUBWA uko nyuma ya mlango, na nilichelewa kuuparua; mwiko wangu haujarudi mpaka leo.