Bi Nguchiro na Ngoma ya Jina

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, majiko yao na ubishi wao, aliishi Bi Nguchiro, mdogo wa umbo, mwepesi wa ulimi. Mguu wake mmoja wa mbele ulikatwa na mtego. Tangu hapo ukingo wa mto ulimshinda. Ulisimama kama ukuta, na akijaribu kushuka, poromo! anabingiria. Basi alikaa juu na kata yake akiomba maji kwa kila apitaye, na kuomba huko kulimchosha kuliko kiu yenyewe.

Siku moja Nyati alimpita akasema, "Kiwete, sogea."

Neno likamchoma, machozi yakamlenga. Tembo, mkuu wa mji, alilisikia. Akakasirika, akaitisha baraza, akapiga marufuku neno hilo. Lakini sasa aitwe nani?

Hapo ndipo moto ulipowaka. Twiga alitaka aitwe "asiyejiweza", akidai ndilo lenye adabu. Kiboko akaguna kwamba "mlemavu" linatosha. Nyati, kwa kuona haya, akaleta "mwenye mahitaji maalumu", akaambiwa ni refu mno kumwitia mtu aliye mbali. Walibishana mpaka mate yakawakauka, wakashuka mtoni kunywa, wakapanda kubishana tena. Bi Nguchiro alikaa pembeni na kata tupu. Hakuna aliyemuuliza neno, wala aliyemletea tone.

Baraza hili litanikausha, akawaza. Akakohoa kidogo.

"Wakubwa zangu, mila mmeisahau? Jina lisilochezewa ngoma halishiki. Na anayepewa jina ndiye achaguaye kiwanja."

Kweli, ndivyo ilivyokuwa mila yao. Wakamuuliza anataka kiwanja gani. Akawaonyesha ukingoni.

Wakaanza na neno la Twiga. Ti! Ti! Ti! Vumbi likatimka. Bi Nguchiro akatega sikio, akasema halijamkaa. Wacheze la pili, ila washuke kidogo. Kiboko akajitupa kwa mbwembwe, puu! Ukingo ukamomonyoka, Nyati akaukanyaga kwa kwato. Kila neno alilikataa, na kila akikataa walishuka zaidi, wakitoka jasho la huruma, mpaka miguu ikaingia majini.

Bi Nguchiro akateremka taratibu, akichechemea, akachota mwenyewe. Akanywa, akanywa tena.

"Haya, lipi limekukaa?" Tembo akauliza akihema.

"Hakuna. Lile la kwanza la Nyati liliniuma, msilirudie. La Twiga nalo liliniuma, maana kujiweza najiweza. Ni ukingo tu ulionishinda. Niiteni Bi Nguchiro. Mngeniuliza asubuhi, msingechoka hivi."

Tembo akageuka, akauona mteremko waliousawazisha, akajua wamechezeshwa. Akacheka mpaka mkonga ukatetemeka. Twiga aliinamisha shingo yake yote, na kwa Twiga hiyo si kazi ndogo.

Hadithi imefika majini, mwenye kiu na achote: kabla hujampa mwenzio jina, muulize mwenyewe, kisha muulize njia yake imezibwa na nini.