Ngome Iliyomeza Wenyewe

Sogeeni, wanangu, niwape ya ngome ya mawe iliyomeza watu. Sultani aliingia kwa upanga, mlango ukajifunga, hakutoka. Tajiri akaingia kwa ufunguo, hakutoka. Jemadari akaingia kwa mzinga, naye hakutoka.

Ndipo akaja Sikudhani, mvua inamchapa, mwanawe mgongoni anatetemeka kwa homa. Akasimama kizingitini.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Kuta zikaguna.

"Hodi jamani, nina mgonjwa!"

Kimya.

Hodi tatu zikikosa jibu, mgeni huondoka. Sikudhani akageuka kurudi mvuani, akilia.

"We mama!" ngome ikanguruma. "Unampeleka wapi mtoto? Karibu ndani. Wenzako wote waliingia kama kwao."

Mlango ukafunguka, na jikoni moto ulikuwa umeshawaka.