Pimbi na Mfereji wa Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko na mashamba kama sisi, Pimbi aliishi na watoto wake wanne katika ufa wa jabali, chini kidogo ya ziwa la mlimani. Pimbi si panya wala sungura. Majina tuyatunze, watoto. Ni mnyama mdogo asiye na mkia, mwenye macho makali.

Ziwani hapo palikuwa na barafu mbili, na kila moja ilikuwa na jina lake. Ile iliyolala mteremkoni iliitwa Mto wa Barafu, kwa kuwa hutembea kweli, ila polepole mno. Ile iliyoelea majini, ikishika miamba ya huku na huku, iliitwa Jamvi. Mto uliliegemea Jamvi, na Jamvi liliuzuia usiteremke.

Basi miaka ikawa ya joto. Jua lilichoma Jamvi kwa juu, maji ya uvuguvugu yakalila kwa chini. Kila mchana Pimbi alisikia nyufa zikipita: kwaa, kwaa. Akawatazama watoto wake, wa siku tatu tu, wasioweza bado kupanda jabali. Akashuka hadi kwa Nyati.

"Hodi, Mzee Nyati."

"Karibu, binti. Umekuja kuomba nini leo?"

"Nguvu zako. Jamvi likivunjika ziwa litafurika, na nyumba yangu itazama. Tuchimbe mfereji, maji yaende korongoni."

Nyati akacheka, akamwita shemeji yake Pofu, yule swala mkubwa kuliko wote, aje asikie. "Binti, barafu inayoelea ikiyeyuka, maji hayapandi. Nilitia kipande mtungini, kikayeyuka, maji yakabaki palepale."

"Hapo umesema kweli," akajibu Pimbi. "Mimi siliogopi Jamvi. Naogopa kinacholiegemea. Tazama mgomba wako ule. Mwega, ule mti ulioukingia usianguke, haubebi hata ndizi moja, lakini ung'oe uone mkungu utalala wapi."

"Huyu ana maneno kuliko kimo," akasema Pofu.

"Nenda ukanyonyeshe, binti," akasema Nyati. "Nimeishi hapa tangu kabla ya nyanya yako, na barafu ile haijanigusa."

Pimbi akapanda kurudi kwa wanawe. Mlimani huko palikuwa na desturi ya mifereji: aliyetangulia kuchimba ndiye mwenye maji, na wengine wote humwomba zamu. Asubuhi Pimbi akakaa ukingoni mwa ziwa, upande wa korongo, mahali kila mpita njia angemwona. Akaanza kukwangua, kwaru, kwaru, huku akiimba:

"Maji yangu, zamu zangu, mwenye kiu abishe kwangu."

Kufika adhuhuri alikuwa amechimba shimo la kutosha bakuli. Nyati akaja mbio anahema, Pofu nyuma yake.

"Wafanya nini hapo?"

"Nachimba mfereji, mzee. Usiwe na wasiwasi, zamu yako ipo. Nimekuweka baada ya Panyabuku."

"Mimi? Baada ya Panyabuku?"

"Yeye aliwahi kuomba."

"Toka hapo," akasema Nyati.

Pimbi akaangua kilio. "Usininyang'anye, mzee. Basi angalau uchimbe mwembamba, nisiaibike sana."

Nyati akachimba mpana. Walichimba siku sita, yeye na Pofu, kwa pembe na kwato. Kila Nyati alipoketi kupumzika, Pimbi alikuja na kijembe chake. "Kama umechoka, mzee, nikumalizie." Nyati akainuka papo hapo.

Siku ya saba, jua la utosi, Jamvi lilipasuka vipande vipande. Maji hayakupanda hata kidole. Nyati, aliyejilaza korongoni mwisho wa mfereji wake, akaita, "Umeona, binti? Mafuriko yako wapi?"

Pimbi alikuwa akitazama juu. Mto wa Barafu, uliokosa wa kuuzuia, ulisogea. Ukaongeza mwendo. Alasiri, kipande chake kikubwa kama kilima kikaporomoka ziwani: gubuu. Maji yakapanda, yakafika ukingoni, yakauona mfereji, yakaingia. Yakapita hatua kumi kutoka kwenye ufa wa Pimbi. Watoto ndani walikuwa wakinyonyana masikio.

Nyati alitoka korongoni kwa taabu, amelowa hadi kwenye pembe, kipande cha barafu sikioni, meno yakigongana kata-kata-kata. Akautazama mfereji. Akautazama ule ufa, mkavu.

"Binti," akasema, "siku ile ulilia uongo."

"Nililia kweli, mzee. Niliogopa utachoka mapema."

Watoto, asiyetaka kuambiwa la kweli atalifanyia kazi bila kujua.