Kwa Nini Mpiga Marimba Haitwi Jina

Zamani, watu walipokuwa hawajajua kukosea kwa faida, kila wimbo ulikuwa na njia moja, na mpiga marimba aliyeiacha alinyang'anywa marimba yake hadharani. Wazee waliita hiyo adabu. Mimi naiita uvivu wa masikio, lakini tuendelee.

Kifo naye alikuwa na adabu zake. Akija kumchukua mgonjwa akakuta marimba yanalia, hukaa kizingitini mpaka wimbo uishe. Ubaya ni kwamba nyimbo zote alizijua. Nani amehudhuria misiba mingi kuliko yeye?

Basi akafika kwa Mbula, mwanamke mpiga marimba, ambaye binti yake Sechelela alikuwa mahututi. Mbula akazipiga zote, za mavuno, za jando, za harusi, akiunga mwisho wa huu na mwanzo wa ule. Kifo akawa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayezijua kona za njia ya kwao.

Ukabaki wimbo mmoja. Uchovu ukamzidi Mbula. Macho yakahama kwenye marimba yakafuata moshi wa jikoni. Akaukumbuka mtungi unaovuja, na jinsi Sechelela alivyokuwa akicheka usingizini alipokuwa mchanga. Vidole havikungoja ruhusa. Vikaenda pasipo njia.

Kifo akaacha kutikisa kichwa. Hakujua mwisho uko wapi. Ndani, Sechelela akafumbua macho, akaomba maji.

Aliyeyaleta ni wifi yake Mbula, Semwali, mwanamke mwema, mlinzi wa adabu za wenzake. Akamkuta mama mtu ametumbulia macho hewa, mdomo wazi.

"Mbula, wifi yangu, akili yako iko wapi?" akauliza. "Mwanao yuko hoi, wewe unachezea marimba. Hebu piga wimbo unaoeleweka."

Mbula akashtuka, akaona haya, akaviangalia vidole vyake. Vikasimama. Akajaribu kurudi alikokuwa, asipakumbuke; kilichomjia mkononi ni ule wimbo wa mwisho. Kifo akautambua. Akasubiri kwa heshima mpaka ukaisha, kisha akampita Semwali aliyekuwa bado ameshika kata ya maji, akaingia.

Na tangu siku hiyo, mpiga marimba akianza kutazama mbali, hakuna anayemwita jina, hata nyumba ikiungua. Wapenda makuu watakwambia anasikiliza mizimu. Hasikilizi chochote. Akili imemtoka tu, kama inavyotutoka sote tukiosha vyombo. Tunamwacha, maana hatujui ni nani anayepumua kwa ajili hiyo.