Jiko la Zamu

Mkeka uliochakaa ndio uliozoea magoti ya mwenyewe. Anayeutupa kwa kutamani mkeka mpya unaopitishwa mlangoni huishia kukaa sakafuni. Rosebella aliifahamu methali hiyo tangu shuleni, lakini haikumfuata hadi jikoni.

Aliishi Soweto West, Kibera, pamoja na bintiye Celine. Mlango uliotazamana na wake ulikuwa wa Nzembi, aliyefua nguo za watu katika nyumba za Nyayo Highrise. Makaa yalikuwa ghali kama dawa, kwa hiyo wawili hao walipika kwa zamu. Leo Rosebella aliwasha jiko lake kizingitini, na ugali ulipoiva, Nzembi aliteleka maharagwe yake juu ya makaa yale yale. Kesho ilikuwa zamu ya Nzembi. Moto ulikuwa mmoja, na porojo zao zilikuwa moja.

Kisha Rosebella akanunua Soko la Toi sufuria ndogo ya stima ya kupikia wali, nyeupe kama yai, iliyowatosha yeye na bintiye. Alitia mchele na maji, akabonyeza kitufe, akaendelea na mengine. Tatizo ni kwamba Kiarie, mwenye ploti waliyopanga, alikuwa amekataza kupika kwa stima kwa kuwa nyaya zilikuwa dhaifu. Basi Rosebella akawa anapika mlango umefungwa.

"Mama Celine, leo si zamu yako? Mbona jiko limenuna?" Nzembi aliuliza, sufuria ya maharagwe mkononi.

"Siku hizi tunakula mkate tu. Nimechoka na moshi."

"Mkate? Celine akikonda nitakupeleka kwa chifu!" Nzembi akacheka, akangoja mwenzake acheke pia. Mlango ukafungwa.

Tangu hapo Nzembi alipika siku moja, ya pili akala kiporo, maana makaa yake hayakutosha zamu zote mbili. Rosebella aliliona hilo na moyo ukamsuta. Akajiambia kwamba siku moja angemwita waonje wali pamoja. Siku hiyo hakuipanga.

Stima ikaanza kuzimika ploti nzima kila jioni. Jumamosi moja Kiarie akaja amefura kama andazi, akipita mlango kwa mlango akigusa majiko ili amjue anayepikia stima. Rosebella alimsikia tangu mbali. Akasukuma sufuria uvunguni, akatoka, akachoma katoni katika jiko lake ili lipate joto. La Nzembi lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Zamani, siku hiyo ingekuwa zamu ya Rosebella.

"Saa hii kila mtu anapika, jiko lako ni baridi. Wewe unapikia wapi, madam?" Kiarie alimuuliza Nzembi.

"Kuna kiporo, landlord. Ingia uangalie."

"Niangalie nini na ushaficha? Mwezi ukiisha nataka nyumba yangu!"

Nzembi akamtazama Rosebella. Ukuta wa mabati hauzuii harufu ya wali. Alikuwa akijua siku zote. Neno moja la Rosebella lingetosha. Rosebella akainama, akachochea katoni zake. Nzembi naye hakumtaja.

Mwezi ulipokwisha Nzembi akahamia Kawangware. Haukupita muda, ile sufuria nyeupe ikafuka moshi, ikafa. Rosebella akarudia jiko. Ugali ulipoiva, makaa yaliendelea kuwaka bila sufuria juu yake, naye akayatazama hadi yakawa majivu.

Siku moja akabeba mfuko wa makaa hadi Kawangware. Alimkuta Nzembi mlangoni, jirani yake mpya, Maggie, akiteleka maharagwe juu ya makaa ya Nzembi.

"Kesho ni zamu yako, usijifanye umesahau!" Nzembi alikuwa akimtania. Alipomwona Rosebella aliinuka, akafuta kigoda kwa leso. "Karibu mgeni. Keti."

Mgeni! Yeye aliyekuwa akifunua sufuria za Nzembi bila kuuliza!

"Nzembi, ile siku... ningesema."

"Najua, Mama Celine," Nzembi alijibu kwa upole. "Hata mimi nilingoja useme."

Akamletea chai katika kikombe cha wageni. Rosebella akainywa polepole, macho yake yakiwa kwenye moto ambao sasa ulikuwa na wenyewe wawili. Kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.