Somo wa Mtoto wa Sikitu

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, kwa sababu simu zilikuwa zimeshafika vijijini ingawa mtandao ulikuwa wa kubahatisha, aliishi mwanamke jina lake Sikitu. Kijiji chake kiliitwa Usindi, huko kwenye misitu ya Tabora, na mumewe, Maganga, alikuwa mrina asali.

Sikitu alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kliniki, nesi aliwaonyesha wajawazito ukurasa mmoja wa tovuti wenye katuni za kufundisha namna ya kumpokea mtoto mchanga, iwapo uchungu utamkuta mama mbali na zahanati. Unabonyeza picha, picha inacheza. Inakuuliza kama mtoto analia au halii. Ukijibu, inakupeleka panapokuhusu. Sikitu akaufungua kwenye simu yake, akautazama, akarudi nyumbani. Hakudhani angeuhitaji.

Masika ile mvua ilinyesha hadi mto ukafunga barabara. Maganga alikuwa msituni kwenye mizinga. Mchana mmoja uchungu ukamshika Sikitu, ukaja kwa kasi. Aliyekuwa karibu ni jirani yake Nyamizi, mfinyanzi wa vyungu, ambaye hakuwahi kuzalisha hata mbuzi. Nyamizi angeweza kuwakimbilia wanawake wazoefu waliokuwa mashambani. Alimtazama Sikitu, akaona hakuna muda, akajifunga kanga kiunoni, akabaki.

Mtoto akatoka, msichana, mlegevu kama kitambaa kilicholowa. Hakulia. Nyamizi alimwita na kumwita, mtoto kimya.

Sikitu, palepale alipolala, akapapasa akaipata simu. Mtandao haupo. Akaugusa ule ukurasa hivyo hivyo, ukafunguka. Akabonyeza kwamba mtoto halii, kisha akaisimamisha simu mbele ya Nyamizi.

Mikono miwili ikatokea kwenye kioo. Ikamfuta mtoto kwa kitambaa kikavu, ikakitupa kilicholowa, ikachukua kingine, ikamsugua mgongo. Nyamizi hakujua kusoma, lakini hapakuwa na cha kusoma. Mikono ikifuta, naye anafuta. Mikono ikisugua, naye anasugua. Vidole vyake vilikuwa vimelowa, asingeweza kugusa kioo, na katuni haikumngoja aguse. Ilisonga yenyewe, ikarudia, ikasonga tena. Sikitu hakuitazama simu. Alikuwa akiutazama mgongo wa mwanawe.

Mtoto akakohoa. Kisha akalia, na Sikitu akalia naye.

Maji yalipopungua, Maganga alirudi, wakampeleka mtoto zahanati, nesi akasema ni mzima. Hapo Sikitu akatoa neno lake: mwanawe ataitwa jina la yule aliyemwokoa, na mwenye jina atakuwa somo wake, wa kushauriwa akivunja ungo, akiolewa, akipatwa na lolote. Akamwomba nesi amtafute aliyeutengeneza ukurasa. Nesi akacheka, akamweleza kuwa si mtu mmoja. Ni wanawake watatu wa Tabora mjini.

Siku ya kumtoa mtoto nje, wote watatu walifika. Sikitu aliwakaribisha, akawaambia wazi kwamba jina ni moja tu, na kila mmoja aseme lake.

Wa kwanza alikuwa Tumsifu, mchoraji.

“Ile mikono ni yangu,” alisema. “Nilikaa wodi ya wazazi nikiwatazama wakunga mpaka nikajua kidole gani kinatangulia. Mama Nyamizi hasomi. Alichosoma siku ile ni mikono yangu.”

Wa pili alikuwa Ghanima, aliyeandika programu, mtu wa maneno machache.

“Mchoro ukibaki mjini haumfai mtu wa Usindi. Mimi niliufanya ukurasa ujihifadhi ndani ya simu siku mtandao upo, ili ufunguke siku haupo. Na nilijua anayempokea mtoto hana mkono wa kubonyeza, nikaufanya usonge wenyewe.”

Wa tatu alikuwa Kalunde, ambaye kazi yake ilikuwa kuujaribu ukurasa kabla haujafika kwa watu. Kwake ndipo Sikitu aliposikia kuwa palikuwa na ugomvi. Mchoro wa kwanza wa Tumsifu ulipendeza mno: nyumba, mama, jua dirishani, maneno chini. Wenzake walitaka utoke vile vile. Kalunde alikataa. Aliupeleka sokoni kwa wauza dagaa wenye simu za bei ndogo, ukaganda. Alipowapata wenye simu nzuri, wasiosoma wakakwama kwenye maneno. Akamtaka Tumsifu afute nyumba, jua na maneno, abakize mikono na mtoto. Tumsifu alisusa, hawakusemeshana kwa muda mrefu.

“Sikuchora, wala sikuandika programu,” Kalunde alisema. “Lakini bila mimi, Sikitu, ungetazama kiduara kikizunguka kwenye kioo mpaka mtoto apoe.”

Tumsifu akainamisha uso, akakiri kuwa ni kweli.

Watu wakamgeukia Nyamizi. Alikuwa jikoni akigeuza ugali, na mwanzoni alisema yeye hayumo. Kisha akafuta mikono, akaja akasimama katikati yao.

“Nimo,” alisema. “Simu haikumshika mtoto. Mikono ya kwenye kioo haikutetemeka. Yangu ilitetemeka, nami nikaendelea. Hawa dada hawakujua kama Sikitu yupo duniani. Mimi nilijua, nikabaki.”

Ghanima akamuuliza kwa upole, “Na kabla simu haijafunguka, mama, ulikuwa unafanya nini?”

Nyamizi hakudanganya. “Nilikuwa nimemshika tu, nikimwita.”

Maganga alikuwa ameshasema kuwa atalipokea jina lolote mkewe atakalolitaja. Sikitu akamfunua mtoto, akamwinua watu wamwone. Wale wanawake wanne walimtazama mtoto, kila mmoja akiwa na hakika na haki yake. Sikitu akatamka jina bila kusita. Usindi wote wanalijua jina hilo, na wapo wanaolibishia hadi leo.

Basi nanyi mliosikia, semeni. Tumsifu aliichora mikono. Ghanima aliifikisha pasipo na mtandao. Kalunde alikataa itoke kabla haijamfaa kila mtu. Nyamizi alibaki, akamsugua mtoto mpaka akalia.

Je, nani alistahili kuwa somo wa mtoto yule?